Bajia za Mkate wa Jana: Zikiharibika Karaini, Tafuta Maji Yalikopita

Kwetu Ngamiani, Tanga, ambako mitaa tunaiita kwa namba, mkate wa boflo hauna maisha marefu. Siku ya kwanza ni laini, siku ya pili kingo zimekakamaa na watoto wanausukuma pembeni ya sahani, siku ya tatu unyevu wa bahari umeshaanza kazi yake. Ile siku ya pili ndiyo ya bajia za mkate: slesi mbili zinabana viazi vilivyopondwa na viungo, zinakatwa pembetatu, zinachovywa kwenye rojo la unga wa dengu na kuzamishwa kwenye mafuta ya moto. Kaskazini ya India huziita pakora, na Delhi zinauzwa pamoja na chai asubuhi na jioni. Wagujarati husema bhajiya, na ndiko sisi tulikolipata neno bajia.

Nimekaanga hizi barazani kwa miaka kadhaa, na kila jioni kuna jirani anayekuja na sahani iliyofunikwa kitambaa kuniuliza amekosea wapi. Malalamiko ni yaleyale. Nimegundua kwamba karibu yote, ukiyafuata nyuma hatua kwa hatua, yanaishia kwenye maji: maji yaliyobaki kwenye viazi, yaliyozidi kwenye rojo, yaliyonyweka kwenye mkate, au matone uliyoyasahau kwenye karai.

Kipimo nitakachokirejea humu ni hiki: slesi 8, viazi mviringo 4 vya wastani, vikombe 2 vya unga wa dengu, vijiko 3 vya chakula vya unga wa mchele, kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyopondwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili mbuzi na kotimiri kadiri unavyopenda. Bekingi poda robo kijiko cha chai, au usitie kabisa. Maji nitayasema mbele, maana ndiyo kesi yenyewe.

Kabla ya jiko: mkate wenyewe

Geuza kila slesi kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona doa la kijani, jeusi au jeupe lenye manyoya, hata moja, tupa mkate wote. Kukata kipande kibaya na kula kilichobaki hakufai, kwa sababu ukungu hupitisha nyuzi zake ndani ya mkate laini mbali kuliko jicho linavyoona, na sumu ambazo baadhi ya ukungu huacha haziondoki kwa kukaanga. Jaribio la pili ni kuvunja slesi katikati. Ikivuta uzi kama mlenda na kunuka nanasi lililoiva kupita kiasi, hao ni bakteria wanaopenda joto na unyevu kama wa kwetu. Huo nao tupa.

Mkate mkavu usio na doa wala harufu hauna tatizo, hata uwe mgumu kama kigae. Ugumu ule hautokani na kukauka tu. Wanga ndani ya mkate hujipanga upya na kukakamaa, na friji huharakisha jambo hilo. Kwa hiyo mkate wa friji usioufurahia kwa chai ni mzuri sana hapa.

Bajia zinakunywa mafuta

Hili ndilo lalamiko la kwanza, la pili na la tatu. Unaibana bajia, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mara nyingi zaidi chanzo ni mafuta ambayo hayajapata moto. Bajia ikiingia kwenye mafuta ya moto, maji ya rojo yanageuka mvuke na kutoka kwa kasi, na mvuke huo unaotoka ndio unaoyazuia mafuta kuingia. Moto ukiwa mdogo mvuke hauna nguvu, mafuta yanapenya kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Pima kwa tone la rojo. Likikaa chini kimya, subiri. Likipanda polepole likiwa bado limepauka, subiri tena. Likizama kidogo na kuibuka papo hapo likichemka pembeni, tia bajia. Likigeuka kahawia kabla hujahesabu kumi, punguza moto. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi.

Kama tone limefaulu na bado zinalowa, angalia umetia ngapi. Karai la nyumbani hubeba tatu, nne ukijitahidi. Kila kipande cha baridi kinashusha joto la mafuta, na ukijaza saba kwa pupa ya futari unakuwa umerudi kwenye sababu ya kwanza bila kujua.

Sababu ya tatu ni rojo jepesi. Chovya kijiko, kitoe, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari wa kidole ukibaki wazi, rojo liko sawa. Mstari ukijifunga, ongeza unga wa dengu kijiko kimoja kimoja. Hapa ndipo maelezo ya kutoka mbali yanapotuponza. Mtu wa Delhi anayekwambia tia kikombe kimoja na robo cha maji kwa vikombe viwili vya unga hasemi uongo, ila unga wake haukulala kwenye mfuko wazi dukani Mgandini wakati wa masika. Wetu umeshavuta unyevu. Anza na robo tatu ya kikombe, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha ongeza maji kwa kijiko hadi kidole kikubaliane.

Ya nne: umeuchovya mkate kama unaosha nguo. Slesi kavu hufyonza haraka mno. Chovya, geuza, toa. Kazi ya sekunde tatu.

Ya tano ni bekingi poda kuzidi. Inatoboa ganda vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu ni njia ya mafuta. Ya sita ni mafuta yaliyochoka, nayo nitayaeleza chini.

Tena kuna kosa linalokuja baada ya yote hayo. Sehemu kubwa ya mafuta huingia pale unapoepua, kwa sababu ndani kukianza kupoa mvuke unapungua na ganda linavuta mafuta yaliyoganda juu yake. Kwa hiyo kung'uta bajia juu ya karai mara moja, kisha iweke kwenye waya au chungio. Usiiache imeelea huku ukitafuta sahani.

Ganda linavuka na kubaki karaini

Bajia inatoka uchi, ganda linaogelea peke yake. Anza na kitu rahisi: uliigeuza mapema? Iache upande mmoja dakika moja na nusu mpaka mbili kabla hujaigusa. Ganda la dengu halina nguvu ya kunata iliyomo kwenye unga wa ngano. Linashika likishaiva, si kabla.

Kama uliiacha na bado linavuka, tazama mkate. Chembechembe za slesi kavu hufanya kama vumbi ukutani, rangi haishiki. Zipanguse kwa mkono, halafu nyunyiza unga mkavu wa dengu pande zote kabla ya kuchovya. Hii peke yake imewaondolea majirani zangu wengi tatizo hili.

Kama hapo napo pako sawa, rojo halikupumzika. Unga wa dengu unakunywa maji taratibu, hivyo uache dakika 15 hadi 20 umefunikwa. Ukirudi utakuta umekuwa mzito kuliko ulivyouacha. Ongeza kijiko cha maji ukihitaji, si kikombe.

Zinapasuka na kurusha mafuta

Hapa tunaacha kuzungumzia ladha. Bajia inayopasuka inaweza kukuunguza uso.

Chanzo cha kawaida ni viazi vilivyochemshwa bila maganda na kupondwa vikiwa bado vinatoa maji. Chemsha viazi na maganda yake, chuja, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo kwa dakika moja au mbili vikauke, ndipo umenye na kuponda. Kitunguu kibichi kilichokatwa nacho hutoa maji kikikutana na chumvi, kwa hiyo changanya chumvi mwishoni kabisa. Kama ulitia nyanya ndani, hicho ndicho chanzo. Nyanya iwe pembeni, kwenye kachumbari.

Baada ya hapo, tazama vyombo. Karai lililooshwa na kuwekwa jikoni likiwa bado na matone, mwiko wa matundu uliosuuzwa katikati ya kazi, mikono inayochuruzika rojo juu ya mafuta. Vikaushe vyote. Chanzo cha mwisho ni hewa iliyofungiwa kati ya slesi mbili: bana pembe kwa vidole mpaka zishikane, na usijaze viazi kama unafunga mzigo wa Muheza.

Mafuta yasizidi nusu ya kina cha karai. Watoto wakae mbali, na mpini uelekee ukutani.

Ukiungua, zima jiko kwanza, kisha weka mahali palipoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, yai, asali, siagi wala unga, na barafu usiweke. Funika kwa kitambaa safi kisichonata. Nenda hospitali moja kwa moja kama palipoungua ni pakubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au aliyeungua ni mtoto mdogo. Kwa walio mjini Tanga, hospitali ya Bombo ipo karibu, usingoje kesho.

Rojo limegeuka jekundu

Hili liliwahi kunifanya nimlaumu muuza unga bure, nikamwambia ameuchanganya na rangi. Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetia soda ya kuokea badala ya bekingi poda, tena kwa kijiko cha chakula. Manjano hubadilika rangi yakikutana na kitu chenye asili ya magadi: njano inakuwa nyekundu ya matofali. Ukikamua ndimu, njano inarudi mbele ya macho yako, na watoto watakuomba urudie.

Kama soda ilikuwa kidogo, matone machache ya ndimu yanatosha na bajia zinalika. Kama ilikuwa nyingi, ladha ya sabuni haifichiki hata kwa pilipili. Anza upya.

Nje nyeusi, ndani unga mbichi

Moto mkali. Hiyo ndiyo sababu kwa watu wengi, hasa wanaotumia jiko la mkaa lililopepewa mpaka likawa jekundu lote. Mkaa haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe: vuta baadhi ya makaa pembeni, funika mengine kwa majivu, au inua karai kwa muda, taratibu, likiwa na mafuta machache.

Usipopata nafuu, kumbuka ulinunua mkate gani. Mkate wenye sukari nyingi huungua upesi. Na kama rojo linaning'inia kwenye mkate kama udongo wa kukandika ukuta, ni zito mno. Katikati hakutaiva hata ukishusha moto.

Msimu wa mvua watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Usifanye hivyo. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu huku unakaanga, acha kila kitu, toka nje na wenzako, na anayezidiwa apelekwe hospitali.

Mafuta yanatoa povu, yananuka au yanatoa moshi

Mapovu makubwa yanayozunguka bajia na kupotea ni mvuke, hayo ni ya kawaida. Povu dogo dogo linalobaki juu ya mafuta kama la sabuni ni dalili ya mafuta yaliyotumika mno. Makombo meusi chini yanaharakisha kuchoka huko, kwa hiyo yachote kila baada ya mkupuo, na mafuta yakishapoa yachuje kwa kitambaa. Yakiwa mazito, meusi, yenye harufu kali au yanaanza moshi mapema kuliko zamani, yamekwisha. Usiyaongezee mapya ili kuyaficha. Usiyamwage kwenye sinki pia. Yatie kwenye chupa.

Moshi mwembamba wa samawati ni onyo: zima moto sasa hivi. Mafuta yakiachwa kupita hapo yanaweza kushika moto yenyewe, bila cheche.

Yakishika moto, usimwage maji. Maji yakizama kwenye mafuta yale yanageuka mvuke mara moja na kutanuka zaidi ya mara 1,600, yakiyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Usilibebe karai kulikimbiza nje. Zima gesi ikiwa unaweza kufikia bila kupitisha mkono juu ya moto, telezesha mfuniko wa chuma au sinia juu ya karai, na uache hapo mpaka kila kitu kipoe. Ukifunua mapema kuangalia, moto unaweza kurudi. Kama haufuniki au umeshashika pazia, toa watu wote, funga mlango nyuma yako na piga 114, Zimamoto.

Moto wa gesi ni dhaifu

Mtungi unakaribia kwisha, au matundu ya jiko yamezibwa na rojo ulilomwaga juzi. Jiko likiwa limezimwa na kupoa, sugua matundu kwa brashi kavu na pini. Zaidi ya hapo si kazi yako. Usifungue regulata, usibadilishe mpira kwa ule wa kumwagilia bustani. Nimeuona huo, na bado nashangaa nyumba ile imesimama.

Ukihisi harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje, ndipo upige simu kwa wakala au fundi wa gesi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inajikusanya chini sakafuni, kwa hiyo harufu ikipungua puani haimaanishi imeondoka. Kuvuja kunapimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Bajia chungu

Onja unga mkavu kidogo sana kwa ncha ya ulimi. Ukiwa mchungu, umezeeka; dengu ina mafuta yake na yanaharibika dukani. Ukiwa mzuri, basi ni kitunguu saumu kilichoungua au manjano uliyoyatia kupita kiasi.

Zilikuwa kavu, dakika kumi baadaye zimelegea

Swali langu la kwanza huwa: umezitia kwenye hotpoti? Aliyeuliza hucheka, kwa sababu ndivyo ilivyo. Bajia ya moto inaendelea kutoa mvuke, ukiifungia, mvuke unageuka maji na kurudi kwenye ganda. Zipange kwenye waya, zisilaliane, bila kufunika. Gazeti linavuta mafuta kweli, lakini chini yake linabana mvuke, na wino wake sipendi kuulia bajia. Karatasi nyeupe isiyoandikwa inatosha, kwa dakika moja tu.

Kama hukuzifunika na bado zimelegea, huenda uliusahau ule unga wa mchele. Ndio unaolipa ganda mlio. Vijiko 3 vya chakula kwa vikombe viwili vya dengu. Ukitia zaidi sana zinakuwa ngumu kwa wazee.

Kwa wanaouza, au wanaofuturisha watu wengi, kuna njia ya kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza epua zikiwa njano iliyopauka, ziache zipoe kabisa kwenye waya. Wageni wakishaketi, zirudishe kwenye mafuta ya moto zaidi kidogo kwa dakika moja. Maji yaliyokuwa yamepanda kutoka kwenye viazi hadi kwenye ganda yanatoka hapo. Viazi vilivyopikwa visikae nje saa nyingi kwenye joto letu, hivyo kama mwanya kati ya mara ya kwanza na ya pili unazidi saa mbili, tumia friji.

Na zilizobaki usiku? Za kwangu hazirudi karaini. Asubuhi nazikatakata ndani ya bakuli, namwagia urojo wa moto wenye ukwaju, kachori moja na chatini ya nazi juu. Hapo zikilegea, sawa.